Shangazi Alivyomtuza Mwimbaji

Jumamosi, Lewisham

Masikio bado yananiwaka kwa aibu. Tiketi nilimpa mwenyewe Shangazi Rehema, aje aone bendi ninayoipigia gitaa la besi. Bendi ya muziki wa kantri kutoka Australia, ina tuzo kibao huko kwao, hapa London haijulikani na mtu.

Ukumbi ulikuwa umenuna. Mwimbaji wetu, Callum, yuko katikati ya wimbo wa marehemu mama yake, mara namwona Shangazi anakuja huku anacheza, kitenge kiunoni, mpaka jukwaani. Akambandika noti ya pauni tano kwenye paji la uso.

Watu wakacheka. Callum akamaliza wimbo, kisha akanifuata nyuma ya jukwaa. "Kwani mimi ni ombaomba?"

Nikamweleza kwamba kwetu mwimbaji akikugusa moyo, unainuka unamtuza. Akanigeuzia mgongo, akaondoka. Kesho tuna shoo nyingine na sijui kama wananitaka tena. Nafasi hii nimeihangaikia sana, halafu...

Kwenye basi Shangazi ndiye aliyekasirika. "Mtoto wa watu anamlilia mama yake, na nyie wote mmekaa tu?"