Ijumaa Tatu Ulizokuwa na Mtoto Wangu

Dada Nekesa,

Imani amevua kiatu chake sasa hivi, akakiingiza ndani ya ile glavu kubwa ya mdakaji, akaikunja, akailaza begani kama mtu anayebembeleza mtoto. Anaipigapiga mgongoni. Mara tatu, anatulia, mara tatu tena. Kiatu kikianguka anakiambia "pole", halafu anakirudisha. Hakujifunza kwako, maana ulipomlea alikuwa na miezi tisa tu, na mtoto wa miezi tisa hawezi kukumbuka. Amejifunza kwangu. Mimi ndiye nilijifunza kwako.

Niko nyumbani kwa Kocha Barasa, huku ughaibuni, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, nimekaa kwenye kitanda cha mkewe. Sebuleni kamati inakunywa chai na kubishana. Leo ndiyo siku ya mwisho ya usajili, wanaandika majina ya msimu mpya wa besiboli, na jina ambalo halitaandikwa leo halitacheza mpaka mwaka mwingine. Wameniambia nikae tayari na daftari la mahudhurio, wataniita wakinihitaji. Daftari lenyewe ndilo hili ninaloandikia, kurasa za nyuma. Nimekupigia simu sana tangu uende likizo Busia. Inaita, haishikwi, na sikulaumu. Sasa nimeandika hapa, mahali ambapo mtu yeyote wa timu akifungua ataona. Na waone.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa nimehamia jengo lile la Najma, mimba ya miezi saba, sijui mtu. Chumba chako kilitazamana na chetu kwenye korido. Ulinikuta jikoni nimesimama tu mbele ya jiko la gesi nikilia kwa sababu mtu alikuwa ametumia kitunguu changu. Ulinikatia chako nusu. Ijumaa iliyofuata ukanivuta mpaka ule uwanja wa vumbi nyuma ya maegesho, ukaniketisha kivulini na chupa ya maji, nikaona watu wazima, walinzi na madereva na wa hoteli, wakikimbizana na kampira kadogo. Nikakuuliza lile rungu ni la nini. Ulicheka mpaka ukaketi chini.

Ukaniambia shuleni kwenu, upande wa Uganda, mlikuwa na glavu nne timu nzima, mkipokezana. Wewe ulikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na chuma usoni, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka. "Pale nyuma ndipo unapoona uwanja wote," ulisema. "Wengine wanaona mbele yao tu."

Imani alipofika miezi sita ukaanza kunifundisha kwenye korido, na mpira wa soksi. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili, sijawahi kuchaguliwa hata kuimba. Kila nilipourukia mpira unanigombeza. "Usiufuate. Ungoje. Mama Imani, unadaka ama unachagua nyanya?" Wale wa chumba cha mwisho walikuwa wanafungua mlango kutucheka, nawe unawarushia soksi ya uso.

Wewe ndiye ulimwambia kocha nipewe daftari, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Kazi ilikuwa rahisi. Aliyekuja mazoezini napiga tiki. Aliyeniambia mapema kwamba ana sababu namwandikia R, ya ruhusa, na sababu yenyewe naiandika safu ya mwisho. Asiyekuja kimya kimya namwandikia X. Na X tatu mfululizo, jina lako linakwenda kwenye meza ya kubadilishana wachezaji. Sheria hiyo ulisimama wewe mwenyewe ukaitetea, ukasema timu bila nidhamu ni abiria tu.

Sasa wacha niandike zile Ijumaa. Ilikuwa mwaka jana, kipindi kama hiki, joto bado kali, mazoezi yanaanza alfajiri. Kocha alitangaza anatafuta mdakaji wa pili. Baba Imani Ijumaa asubuhi alikuwa anapeleka basi la wafanyakazi, na Imani alikuwa ameanza kuumwa sikio. Baba Imani aliniambia waziwazi, "Mtoto akiwa mgonjwa, mpira ungoje." Nikamwambia sawa.

Ijumaa ya kwanza ulijitolea. Ulinikuta mlangoni nimemshika mtoto, nimevaa viatu vya mazoezi, sijui niende au nivue. Ukanyoosha mikono. "Leta. Mimi nimedaka tangu sekondari, kocha ananijua. Wewe hajakuona." Nikakuambia usimwambie mtu, Baba Imani asijue. Ukasema, "Nimwambie nani? Niko na mtoto."

Ijumaa ya pili nilikuomba.

Ijumaa ya tatu sikuomba. Nilibisha hodi nikiwa nimeshamfunga Imani kwenye kanga, na mfuko wa nepi begani. Ulikuwa umefumba jicho moja kwa usingizi. Ilikuwa siku yako ya pekee ya kupumzika kwa wiki nzima ya kusimama getini West Bay, na mimi nilikupa mtoto kama napita tu kumwachia jirani ufunguo. Mwili wake ulikuwa na moto. Nilijua, Nekesa. Nilimshika shingo kabla sijatoka nikajua, nikajiambia ni joto la kanga.

Asubuhi ile nilidaka vizuri kuliko siku zote. Kocha alipiga makofi. Simu yangu ilikuwa ndani ya begi kwenye uzio, na wewe ulikuwa umepiga mara nne. Niliporudi nilikukuta umekaa kwenye sakafu ya bafu, fulana imelowa mpaka tumboni, Imani amelala kifuani pako na kitambaa kichwani. Unampigapiga. Mara tatu, unatulia. Duka la dawa la chini ulikuwa umeshuka na kupanda mara mbili ukiwa umembeba. Nilifikiri utanitukana. Ulisema kwa sauti ya chini, "Imeshuka. Oga kwanza, una vumbi. Baba Imani atajua."

Na daftari lilikuwa kwenye lile begi, na ndani yake, kwenye mstari wako, wino ulikuwa umeshakauka. Nilikuandikia X uwanjani saa kumi na mbili kamili, kama nilivyofanya Ijumaa mbili za kwanza. Mwenye daftari ndiye aliyekuwa anajua sababu yako kuliko mtu yeyote duniani. Lakini kuandika R ningehitaji kujaza safu ya mwisho, na kwenye safu ya mwisho ningemwandika mtoto wangu, na homa, na mimi mwenyewe.

Nilidhani hawatahesabu. Nilidhani kwa Nekesa watafumba macho.

Kikao kile unakikumbuka kuliko mimi. Sebule ni hii hii, kapeti ni hii hii. Kocha Barasa alifungua ukurasa akasoma, akavua miwani.

"Nekesa, Ijumaa tatu."

"Ndiyo, kocha."

"Sheria si uliipitisha wewe?"

"Niliipitisha."

"Ulikuwa wapi?"

Ulinitazama. Mara moja tu, si kwa ubaya, ulinitazama kama unavyomtazama mrushaji kabla hajarusha, kumwonyesha uko tayari. Ulikuwa unaningoja. Nami niliangalia kikombe changu.

"Sina la kusema, kocha."

Hapo Baba Imani, ambaye yuko kwenye kamati kwa sababu ya kubeba vifaa, akasema, "Si amepata mchumba huko West Bay. Mapenzi yameshinda besiboli." Watu wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, ni mtu wa utani, hakujua chochote. Mimi nilijua, na nikacheka. Mwaka mzima nimekuwa nikisikia kicheko changu kile. Nikianika nguo kazini hotelini nakisikia, nikimwogesha Imani nakisikia.

Basi Minara wakaitwa kwenye simu, timu ya wale wa hoteli, wakakuchukua. Walitupa mrushaji wao mmoja mrefu na kofia ngumu mbili. Kocha alipotangaza, watu wakaona haya. Wewe ndiye ulituokoa. "Kofia mbili si mbaya," ulisema. "Ila hakikisheni moja inaingia kichwa cha Barasa, maana hicho hakijawahi kupata saizi." Hata yeye alicheka. Halafu ukaenda kwenye mfuko wa vifaa, ukaitoa ile barakoa ya chuma, ukaniwekea mapajani. "Kamba ya kushoto imelegea. Ikaze." Ukaondoka.

Sikukufuata. Ningekufuata mpaka kwenye lifti tu ningeweza kusema. Nilijiambia nitasema kesho, halafu kesho kampuni yenu ikawahamisha kwenda kwenye makazi ya nje ya mji, ukafunga vitu vyako mimi nikiwa kazini, nikarudi nikakuta mlango uko wazi na korido ni ndefu kuliko nilivyoizoea. Kwenye kizingiti changu uliacha ule mpira wa soksi. Sijui kama ulikuwa unaniaga ama unanisuta. Ningekuwa mimi, ningekuwa nasuta. Lakini wewe si mimi.

Nilisikia uliwachezea Minara mechi mbili ukaacha. Nami nikachukua nafasi yako, nikacheza msimu mzima nyuma ya chuma chako. Mwisho wa msimu wakanipa tuzo ya mdakaji bora, thamosi ya bluu, jina langu limeandikwa kwenye utepe wa gundi. Tulikula pilau. Wakaniambia niseme neno. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru Baba Imani, nikamshukuru kocha, nikamshukuru hata aliyepika. Jina lako lilikuwa mdomoni, lakini nilijua nikilitaja watauliza, "Kwani yeye alikufundisha lini?" na swali moja lingezaa lingine. Thamosi ile sijawahi kuinywea. Imani anaifanya ngoma.

Wiki iliyopita Minara walituma orodha ya wachezaji waliowaachilia. Jina lako ni la tatu. Huna timu, Nekesa, na unarudi kazini mwezi ujao, na hapa hakuna hata mmoja aliyekutaja. Nimewasikia kupitia ukuta huu nilipoketi tu hapa. Mtu mmoja alisema, "Nekesa je? Yule alikuwa anadaka." Mwingine akajibu, "Yule wa X tatu? Khalas, tulishamaliza naye." Hivyo ndivyo unavyoitwa. Kila uliyempa maji uwanjani, kila uliyemfunga kidole kilichoteguka, wote wamebaki na alama tatu za mkono wangu.

Kwa hiyo kabla sijaanza barua hii nimefanya jambo moja. Nimerudi kwenye ukurasa wa mwaka jana. Zile X sikuzifuta, nisije nikaonekana nilikuwa mtu mzuri. Ila kwenye safu ya mwisho, ambayo ilikuwa tupu, nimejaza. Ijumaa ya kwanza: alikuwa na mtoto wangu. Ya pili: alikuwa na mtoto wangu. Ya tatu: alikuwa na mtoto wangu mgonjwa, nami nilijua. Nimeweka sahihi mara tatu. Mwandiko ni mzuri kama kawaida. Unanichukiza.

Najua kitakachofuata. Baba Imani yuko pale kwenye kochi, atasikia pamoja na wengine, na ule utani wake utamrudia. Atanyamaza siku mbili, akikasirika huwa ananyamaza. Nimekuwa nikiogopa huo unyamavu mwaka mzima, na leo nauona ni mdogo ukiuweka karibu na wako. Kocha atanivua nafasi, na afanye hivyo. Nitarudi kuwa wa pili, au wa kubeba maji. Kuna sehemu yangu inayoumia kuiacha ile barakoa, sitakudanganya, ni kitu cha kwanza maishani nilichokijua kukifanya. Lakini nimekuwa nikiuona uwanja wote kupitia kwenye chuma chako, na kila Ijumaa nikitazama nafasi uliyotakiwa uwepo.

Sikuombi unisamehe. Naomba ukiona jina lako kwenye orodha, uje. Imani anatembea sasa, anakimbia kabisa. Nataka akuone umechuchumaa pale nyuma, ili akipigapiga mgongo ajue mtindo huo umetoka kwa nani. Kamba ya kushoto nimeikaza. Nimeishona kwa uzi wa hoteli, haitalegea tena.

Naweka jina hapa mapema, wasije wakaniita kabla. Ni mimi mdogo wako wa korido, Mama Imani.

Baba Imani ameita kutoka sebuleni. "Mama Imani, yalla, haraka, lete daftari, tumefika kwa wadakaji." Nimemwambia dakika moja. Imani amekwisha kukimbilia kwake na glavu, kiatu kimoja, nawasikia wanamcheka. Nekesa, nikisimama pale sitaanza na ile ya kwanza, maana ile ulijitolea, wala ya pili, ile niliomba. Nitaanza na ya tatu, niwaambie kwamba asubuhi ile nilimshika shingo mtoto wangu nikajua, na bado nika—