Randa Uliyonichagulia Mbarara

Mpendwa mama,

Leo nimepangusa vumbi la mbao mezani ili niweke karatasi hii, nikajikuta nacheka peke yangu. Nimekumbuka siku tuliyokwenda Mbarara na kikapu chako, ndani yake vipande vinne vya mbao umevifunga kwa kitenge. Wenzetu garini walidhani umebeba mayai, wakakuachia nafasi kubwa, nawe hukuwasahihisha.

Ulikuwa mwaka wetu wa tatu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Baba alikuwa ameniachia msumeno, patasi na randa yake ndefu, pamoja na kazi aliyonifundisha kule kwetu Fizi, Kongo. Wanawake wa kanisa letu walitaka meza ya Ushirika Mtakatifu kwa Jumapili ya shukrani ya mavuno, na wewe ndiye uliyesimama mbele ya wazee ukasema binti yako ataiweza.

Meza ilisimama vizuri. Shida ilikuwa ule ukingo wa mvule unaozunguka juu yake. Kila kipande lazima kikatwe mshazari ili viwili vikikutana vifanye kona moja safi. Msumeno uliacha mikwaruzo, na nilipojaribu kusawazisha kwa randa ya baba, ilirarua ncha za mbao. Kila kona ilibaki na mwanya wa kupitisha sarafu. Niliziba kwa gundi na unga wa mbao, nikajidanganya kwamba haionekani.

Mzee Yona, kiongozi wa wazee wa kanisa, aliinama akaona. Hakunigombeza. Alisema kwa upole kwamba watatafuta fundi wa Kakoba, kule Mbarara mjini, amalizie, na mimi nirudi kutengeneza viti vyangu. Upole ule uliniumiza kuliko matusi. Nilifika nyumbani nikakuambia naacha useremala.

Uliendelea kuchambua maharage. Baadaye ukaniuliza kama kilichokosa ni mkono au chombo. Nikakueleza kwamba baba aliwahi kunisimulia kuhusu randa ndogo ya kusawazisha kona za mshazari, ila sijawahi kuishika. Ukasema basi twende tukaitafute, kana kwamba tunakwenda kutafuta chumvi.

Duka la kwanza, pale Kakoba, lilikuwa na randa mpya yenye mshikio mwekundu. Niliipenda papo hapo. Ulimwomba muuzaji tuijaribu kwenye mbao zetu, akakataa, akisema bidhaa hazijaribiwi kabla ya kununuliwa. Ukamshukuru, ukatoka. Nikakufuata nimenuna, nawe ukageuka barabarani.

"Unatafuta rangi ao rabo?" ukaniuliza. Kwako randa ilibaki rabo, kama alivyoiita baba.

Tuliulizia hadi tukafika mtaa wa Ruti, kwa seremala mzee wa Kinyankole aliyeanza kupoteza macho na aliyekuwa anauza vyombo vyake barazani. Alituwekea randa ndogo tatu. Akashika kipande chetu, akakipapasa ile ncha iliyokatwa.

"Hapa nyuzi ya mbao inasimama kama burashi," alituambia. "Inataka chuma nalala. Chuma ikisimama, inararua tu."

Tena akaeleza kwamba randa hiyo husukumwa ikiwa imelazwa ubavu, ikiongozwa na ubao, kwa hiyo ubavu wake sharti unyooke kabisa. Niliisukuma ya kwanza, ikararua. Ya pili ilikata vizuri nikafurahi, lakini wewe uliichukua, ukailaza ubavu kwenye kioo cha dirisha kilichoegemezwa pale chini, ukaigusa kwa kidole. Ikayumba.

"Hii iko nacheza," ukasema.

Yule mzee alicheka hadi akashika magoti. Alikiri kwamba alijua kasoro ile, na kwamba hakuna seremala aliyewahi kumkamata. Akakuuliza umejifunza wapi kazi ya mbao. Ukamjibu kwamba wewe ni mkulima wa maharage.

Ya tatu ilikuwa mbaya kuliko zote, nyeusi kwa mafuta, mshikio wake umepasuka. Niliisukuma mara moja tu. Utepe mwembamba kama ganda la kitunguu ukatoka mzima kwenye ncha ya ule mvule mgumu. Uliuokota, ukaunusa, ukauchomeka kwenye kilemba chako.

"Hii njo yenyewe, mwanangu."

Siku mbili nilifanya kazi kona baada ya kona. Nilikwangua kidogo, nikaunganisha, nikakwangua tena, nawe umeshika upande wa pili wa meza, unanizuia nisiharakishe. Kona ya nne ilipofunga, ulipitisha ukucha juu ya kiungo na haukukwama. Ukapiga vigelegele peke yako mchana kweupe, majirani wakaja kuuliza ni nani amepata mchumba.

Jumapili ile Mzee Yona aliinama kwenye kona zote nne. Kisha akageukia kanisa lote na kusema, "Nilikosea juu ya binti huyu. Huyu ni fundi." Akaniagiza mimbari papo hapo. Wanawake walikuzungusha wakicheza, ukacheza hadi kiatu kikakatika, ukaendelea na kimoja.

Mama, ni mwaka wa nne sasa tangu tukuzike. Mwanzoni sikuweza kuishika ile randa bila machozi. Sasa naishika kila siku, na mkono wenyewe unafurahi. Tuko wanawake watatu katika karakana hii, na fremu zetu za picha zinaning'inia katika nyumba za Mbarara ambazo sitaingia kamwe.

Na nina habari ambayo nimeichelewesha makusudi. Mwezi uliopita, kule hospitalini Ruharo, nilijifungua mtoto wa kike. Tumempa jina lako, lote, bila kulifupisha. Jirani akiliita uani, bado nageuka haraka kukutafuta wewe. Kisha nacheka, naenda kumbeba.

Pumzika na furaha yako yote, mama.

Ni mimi, binti yako fundi