Mkia wa Ndege ya Baba

Kwako Dada mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi kilichokuwa kinakunyima raha kimekwisha. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi nimechoka, na aliyenichosha ni baba yako. Leo namwita wako, kwa sababu wangu amenishinda.

Ndani ya boksi hili utazikuta sevo zote ulizomtumia. Amesema ni mbovu, na ameniagiza nikuandikie umtafutie nyingine. Ningekupigia simu, lakini kuta za nyumba yetu unazijua: ukipiga chafya chumbani, aliye uani anakupa pole.

Ile ndege ya rimoti mliyoianza pamoja ulipokuja likizo imekamilika, mbawa na magurudumu na rangi. Ilibaki sevo ya mkia tu, hicho kimota kidogo kinachogeuza usukani wa nyuma anaposukuma kijiti cha rimoti. Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja. Dada, ndege imehamia kwenye meza yangu ya kukatia nguo na haina dalili ya kuondoka. Vitambaa vya wateja nakatia sakafuni, nimepiga magoti, huku baba akinionya nisitimue vumbi.

Sevo ya kwanza, yenye meno ya plastiki, aliisifu kwa wepesi wake asubuhi, na jioni akaitukana. Alipotaka kupima nguvu yake alitundika mkasi wangu mkubwa kwenye kimkono cha sevo, nayo ikaunyanyua vizuri tu, ila akasema mkia unatetemeka. Ya pili, ya meno ya chuma, ilikuwa na nguvu lakini nzito, ndege ikakalia mkia mpaka akabandika vipande vya madini ya risasi kwenye pua yake ili ikae sawa. Tena ni ya polepole, akasema inageuka kama mtu anayeamshwa kwa lazima. Na mkia ukaendelea kutetemeka. Ya tatu, ya dijitali, ndiyo usiseme. Ina kasi, inanguruma hata ikiwa imetulia, inamaliza betri, na kwake mkia ulitetemeka kuliko kwa zote.

Hapo ndipo alipoigeukia cherehani yangu. Alidai mota yake inachafua mawimbi ya rimoti, kwa hiyo akiwa anapima nisishone. Na anapima kutwa! Mama wa bibi harusi alikuja kuchukua gauni akalikuta halina mikono, akanisema mbele ya wateja mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Nilipomlalamikia baba alinijibu kwamba gauni likiharibika haliwezi kumwangukia mtu kutoka angani. Nilitoka nje, nikafua nguo zilizokuwa safi, kwa hasira.

Jumamosi alipokwenda kwa kinyozi nikasema leo ndiyo leo. Niliwasha cherehani, nikaikanyaga kwa nguvu, na rimoti nikaishika mwenyewe. Nilisukuma kijiti taratibu, kushoto, kulia, nikakishikilia katikati. Mkia ulikwenda nilikoutaka na kutulia tuli. Nikabadilisha sevo, maana kwa kumtazama nimekuwa fundi bila kupenda, na hakuna hata moja iliyotetemeka. Dada, nilifurahi kupita kiasi. Cherehani yangu haikuwa na kosa!

Aliporudi nilimvuta mkono kabla hajaketi, nikamwambia kwa kelele zangu zile aje aone jinsi alivyoisingizia mashine ya watu. Nilimpa rimoti. Mkia ukaanza kutetemeka palepale, lakini safari hii sikuwa nautazama mkia. Nilikuwa natazama kidole gumba chake juu ya kijiti.

Aliniona nikitazama. Aliweka rimoti mezani polepole, akaificha mikono mifukoni, akasema sevo ya dijitali si mbaya sana lakini huko kwenu kuna nyingine bora zaidi. Kisha, akiwa amenipa mgongo, akaniambia nisikwambie. Alisema fundi saa akijulikana kwamba mkono wake unatetemeka, hakuna atakayemletea saa tena, na yeye kazi nyingine hajui. Hali hii ilianza zamani, Dada. Zile saa ndogo za kike alizokuwa akizirudisha kwa wenyewe akisema vipuri vimeadimika, vipuri vipo. Nilimsihi twende kwa daktari, akaniuliza kama nimemaliza lile gauni.

Nina hasira, nisikufiche. Nimemkasirikia kwa ukaidi wake, na nimejikasirikia zaidi, mimi ninayekula naye meza moja nikawa naona ndege tu. Huenda ni jambo linalotibika, huenda sivyo, lakini hatutajua kwa kulinganisha sevo. Mimi ananiona mtoto. Wewe anakusikiliza. Tafadhali usimtumie nyingine hata akikuomba vipi. Omba ruhusa kazini uje umpeleke hospitali, na umwambie umenitembelea mimi. Sevo zote zilizomo humu ni nzima.

Wasalimie sana shemeji na watoto, uwabusu wote kwa niaba yangu. Baba naye anakusalimu. Amesimama mlangoni sasa hivi na gundi ya karatasi, ananihimiza nifunge boksi lisichelewe kuondoka, na ameniuliza kama nimeeleza vizuri anachohitaji. Nimemjibu kwamba nimeeleza kila kitu, naye amenishukuru.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba