Jicho Bandia la Deki ya CD

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa, wali umefunikwa jikoni. Upashe moto kwanza, usile wa baridi kwa uvivu. ~~Usiguse deki ya CD.~~ Iguse, ni yako.

Asubuhi sikununa. Lile jicho la leza la kusomea CD uliloniletea kwa furaha yote ile ni bandia. Nililipangusa kwa spiriti, maandishi yakabaki kwenye pamba. Miguu yake nayo ina lehemu ya zamani: limeng'olewa kwenye deki nyingine, likasuguliwa, likauzwa kama jipya. Uliponiuliza, "Vipi fundi, litafaa?" nilijitia kutafuta bisibisi, maana ulishika CD yenye sauti ya marehemu mama yako kama mtu aliyebeba yai.

Ulipotoka, nilifungua deki yangu, nikang'oa jicho lake, nikaliweka kwenye yako. Linasoma. Nilisikia mama akikuita kwa jina lako la utotoni, nikazima. Hayo mengine ni yenu wawili.

Naenda karakana. Wewe kaa kitako, ndipo ubonyeze. Nikirudi nikakukuta macho mekundu, nitajifanya sijaona.

Mama watoto