Sifuri Haikatwi

Lubunga, Jumamosi tarehe 23 Machi 2024

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimia wewe na mama. Je, goti lako limepata nafuu? Na mpunga, ndege wameuacha? Huku sisi wazima, ila ndugu yako, tonton Urbain, anakohoa kidogo.

Tonton alikuandikia kwamba nimemkosea heshima Prof Nephtali, mwalimu wetu wa hesabu. Hakukuandikia kilichotokea, kwa sababu hakuniuliza. Nafuata daftari langu la siku ili nisiongeze neno.

Tarehe 12 tulifanya jaribio. Kulikuwa na sehemu moja: juu x − 9, chini √x − 3. Tuliambiwa tuirahisishe, kisha tutafute thamani yake x ikiwa 9. Kurahisisha si kazi: x − 9 ni (√x − 3) mara (√x + 3). Unakata √x − 3 juu na chini, inabaki √x + 3. Darasa zima likaweka 9, likapata 6. Mimi niliandika kwamba kwa 9 hakuna jibu. Weka 9 kabla ya kukata, Papa: juu sifuri, chini sifuri. Walichokata ni sifuri yenyewe, na sifuri haikatwi.

Tarehe 14 Prof alirudisha karatasi. Swali lile hakunipa alama hata moja. Nilisimama nikaomba kueleza ubaoni. Akaniambia kwa kejeli, bon, mama, njoo basi ukae kwenye kiti changu, mimi nirudi kwenye benchi. Wakacheka. Rolly, ninayekaa naye benchi moja, akaniita Madame Zéro. Nilikwenda ubaoni hata hivyo. Nilipoandika sifuri juu ya sifuri kicheko kikakatika, na Prof akafuta ubao kwa kiganja chake. Nikafukuzwa mpaka mzazi aombe radhi kwa maandishi, kabla ya Jumatatu tarehe 25. La sivyo, jina langu halitapelekwa kwenye mtihani wa serikali.

Barua yako ilifika kwa boti tarehe 20. Umeniombea radhi kama mtoto aliyevunja sahani ya jirani. Tonton alinipa niipeleke, na anaamini niliipeleka.

Sikuipeleka, Papa. Kila asubuhi navaa sare, navuka mto kwa mtumbwi, nakaa chini ya dirisha la darasa na kunakili masomo yote. Jana Rolly alitoa kichwa dirishani akanong'ona kwamba, Madame, ameijaribu ile 9 mara tatu nyumbani, inagoma.

Barua yako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Jumatatu nitaingia kwa mkuu wa shule na karatasi yangu ya jaribio mkononi. Akikataa, nitapoteza mwaka, nawe utakuwa na haki ya kunikasirikia. Lakini usiniombee radhi. Ukitaka kumwandikia Prof tena, mstari mmoja unatosha: x isiwe 9.

Mpe mama mkono, na mdogo wangu Moïse asiguse vitabu vyangu.

Mtoto wako anayekuheshimu,
Laurette