Mikono Miwili ya Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimepungua. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana, na aliniuliza kama huko bado unashona kola tu tangu asubuhi hadi jioni. Nilipomjibu ndiyo, kola tu, akasema mtu aliyezoea kushona gauni zima atachoka kushona shingo za watu asiowajua. Baba naye yupo, goti linamsumbua, na redio yake bado haiongei mpaka aipige kofi.

Leo nina habari ndefu, kwa hiyo tafuta mahali pazuri ukae.

Muhula huu tumepata mwalimu mpya wa fasihi. Tumempa jina la Mwalimu Kwanini, maana hilo ndilo swali analoliandika kwa wino mwekundu pembeni mwa kila kazi yetu. Alitutaka kila mmoja alete wazo la hadithi kwa sentensi moja. Wazo hilo tungelikuza mpaka liwe hadithi kamili, na hadithi bora ingesomwa mbele ya wazazi siku ya kikao chao. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi sentensi yangu nilikuwa nayo kifuani tangu siku ile Mama Vipimo aliposimama kwenye kibaraza cha duka lake, mbele ya wateja na wapita njia, akasema umeiba kitambaa cha mahameli cha mama wa duka la dawa. Niliandika hivi: Fundi cherehani alimsingizia wizi msichana aliyekuwa akijifunza kazi kwake.

Nisikufiche, dada. Sikutaka kuandika hadithi. Nilitaka kumpiga yule mama kwa kitu, na mkononi nilikuwa na kalamu.

Kwa hiyo mara ya kwanza nilimpa fundi wangu kucha ndefu, jicho moja na sauti ya bata. Ukurasa wa pili pasi ya moto ilimwangukia mguuni, wa tatu cherehani ikamshona vidole, na wa nne akafa. Nilikabidhi kazi hiyo nikitabasamu. Ilirudi imeandikwa: Kwa nini alimsingizia? Na chini yake: Huyu amekufa kabla hatujamjua. Nilimfuata mwalimu nikamwambia kwamba watu wengine wana roho mbaya tu, basi. Akacheka, akasema watu wa namna hiyo yeye hukutana nao kwenye insha za wanafunzi wavivu. Akaniambia nilichonacho bado ni wazo, na kwamba litakuwa hadithi siku nitakayojua yule fundi aliogopa nini. Akanituma nikamtazame fundi akiwa kazini.

Basi nikaenda kwake. Najua hapo umeiweka barua chini. Iokote, tafadhali, uendelee.

Sababu nilikuwa nayo, kwani sketi yangu ya shule ilikuwa imepanda juu ya magoti na ilihitaji kushushwa pindo. Mama Vipimo alinitambua. Alinisalimu huku akinipima kwa macho kama anavyompima kila mtu, akasema nimerefuka ila kiuno bado ni cha nyigu, na kwamba yeye hana ugomvi na mtoto, nipande juu ya stuli. Nikapanda. Akapiga magoti mbele yangu na kuanza kuchomeka pini, akizichomoa moja moja kwenye kimto alichojifunga kifundoni mwa mkono. Kile kimto kilikuwa cha zambarau.

Unakumbuka siku niliyokuletea chakula dukani, ukaniruhusu kupitisha kiganja juu ya ile mahameli ya zambarau? Ukiisugua kwenda inang'aa, ukiisugua kurudi inaingia giza, kama maji yanapopitiwa na wingu. Nilijitolea kumpa Mama Vipimo pini ili nimrahisishie kazi, na kidole changu kikapita juu ya kimto. Kwenda, kikang'aa. Kurudi, giza. Niliinama kukitazama mpaka akanikemea nisimame wima, la sivyo pindo lingekwenda upande.

Nilitamani nikikwapue nikimbie. Lakini ningekimbia na nini? Na jina la mwizi wa pili wa nyumba yetu. Nikamwambia ninaandika hadithi ya fundi cherehani kwa ajili ya shule. Alifurahi huyo! Alinisihi nisisahau kuandika kwamba fundi huyo ni mwembamba. Nikamuuliza ni kosa gani fundi analiogopa kuliko yote. Pini zikiwa midomoni, alinijibu bila kufikiri kwamba ni kukata mahameli. Haikunjwi, akasema, inateleza, kwa hiyo unaikata ikiwa tabaka moja. Ukishakata mkono wa kwanza wa gauni, lazima uigeuze ile karatasi ya kipimo kabla ya kukata wa pili. Ukisahau, unabaki na mikono miwili ya kushoto. Na kama kitambaa ni cha mteja, kimetoka mbali na hakipatikani tena… Hapo akatema pini kiganjani, akasema nishuke, sketi niifuate kesho.

Nilishuka nikiwa na hadithi nzima.

Niliiandika upya yote. Kucha nilizikata, jicho la pili nikamrudishia. Nilimpa kazi nzuri, jina kubwa mtaani, na hofu ya kulipoteza jina hilo kwa mkasi mmoja, hofu iliyomfanya aone heri kitambaa kisemwe kimeibwa. Mwalimu aliandika: Sasa ni mtu. Mwanzoni nilichukia kumfanya mtu. Baadaye nikaona faida yake. Yule mchawi wangu wa kwanza hakuwa na aibu, ungemfanya nini? Mtu ana aibu. Mtu anaumia.

Hadithi yangu ikachaguliwa. Mimi mwenyewe nilipita dukani kumkaribisha Mama Vipimo, nikamwambia ile ya fundi mwembamba itasomwa. Alikuja mapema, kwa kuwa ndiye aliyeshona sare za kwaya na wasichana wawili sare zao zilikuwa bado zinapwaya. Alipomaliza kuwabana kwa pini, alikaa mstari wa mbele, kimto kikiwa bado mkononi. Karibu naye alikaa mama wa duka la dawa.

Nilisoma taratibu, kama ulivyonifundisha. Mwanzoni Mama Vipimo ndiye aliyecheka kuliko wote, akawaambia majirani kwa sauti kwamba huyo ni yeye, mmesikia, mwembamba! Nilipofika kwenye mahameli, kicheko kikakatika. Nilipofika kwenye mikono miwili ya kushoto, akaanza kutazama mlango. Kisha nikasoma kwamba fundi huyo hakuwa na moyo wa kutupa kitambaa kizuri, kwa hiyo alikitengenezea kitu kidogo cha kuvaa kazini kila siku. Sikukitaja. Mama wa duka la dawa aliinamisha macho. Akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya kile kimto. Kwenda. Kurudi.

Kisha akainuka akahamia kiti kingine, na ukumbi mzima ukamwona.

Jumapili Mama Vipimo alikuja nyumbani. Mama hakumpa kiti. Mgeni akasema shetani alimpitia, akaomba yaishe humo ndani kimyakimya. Mama akamwambia kwamba humo ndani hakuna aliyemwita mwanawe mwizi. Maneno yalisemwa kibarazani, basi yarudi kibarazani. Na kesho yake yakarudi, dada, mchana kweupe, mpaka muuza mkaa akasimamisha mkokoteni wake asikilize. Mama Vipimo alitaja jina lako lote, akasema hukuiba. Alipomaliza alikifungua kimto, akanikabidhi bila kunitazama. Anataka urudi kwake. Mama wa duka la dawa naye anasema ukirudi ushone nyumbani, kitambaa chake kijacho ni chako. Mimi sisemi kitu, ila nimeshaisogeza ile meza yetu karibu na dirisha.

Sasa lipo jambo ambalo hata Mwalimu Kwanini hakulijua mpaka tulipotoka ukumbini. Hadithi aliyoipitisha ilikuwa na ukurasa mmoja zaidi. Katika ukurasa huo fundi analia, msichana anamsamehe, na wanakata gauni jipya pamoja. Aliusifu sana. Mimi niliukunja nikauficha ndani ya soksi kabla sijapanda jukwaani. Aliponiuliza kwa nini, nilimjibu kwamba msamaha ule niliutunga bila kumuuliza mwenye kuutoa. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilitaka pia kumwona Mama Vipimo akihangaika bila ukurasa huo. Nimejichunguza kama nina majuto, sijayapata.

Ukurasa huo nimeuweka humu kwenye kifurushi. Usome ukipenda, au uwashie jiko. Kimto nacho kimo. Nimechomoa pini zote ili zisikuchome wakati wa kufungua, isipokuwa moja, ambayo nimekuachia kwa makusudi: ya kubania gauni au ya kumchomea mtu, utaamua mwenyewe.

Baba anasema ukija usisahau betri. Mama anasema uje tu.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja dirishani,
Kidoti