Gia za Ndani na Gia za Nje

Usinge,
Jumapili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako limepata nafuu, au bado unashinda umechuchumaa ukitengeneza baiskeli za watu? Na kifua cha mama je? Mimi ni mzima, ila nimechoka, baba, uchovu usioondoka kwa kulala.

Kuna jambo nilikuficha. Ile baiskeli uliyonitengenezea mwenyewe, yenye gia tatu ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, niliacha kuipanda. Zahanati ililetewa mpya ya gia tano, ambayo cheni yake inahama nje, kutoka meno makubwa hadi madogo. Nikaona yako nzito, nikaiegemeza ukutani.

Wewe ni fundi, nikueleze kama fundi. Kwenye barabara ngumu ile mpya ni raha. Gia zimekaribiana, mguu haushtuki, kilima unakipanda kama kuna mtu anakusukuma mgongoni. Yako, kutoka ya pili kwenda ya tatu ni hatua kubwa, na waya ukilegea mguu unakanyaga hewa. Lakini mchangani ile mpya haibadili gia mpaka uwe unakanyaga, ukikwama umekwama. Yako nasimama kabisa, nasogeza kile kichuma cha usukani, nasikia imeshika, naondoka na gia nyepesi.

Wiki tatu zilizopita alinijia Maganga, mkulima wa kijiji kipya cha ujamaa kule msituni. Alikuwa ametembea tangu alfajiri.

"Nesi, mke wangu Kabula ameshikwa na uchungu tangu jana."

Nikachukua ile mpya kwa wepesi wake, nikamtangulia. Katikati ya njia kisiki kikagonga kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni, kikapinda, kikaingia kwenye spoku. Gurudumu likagoma. Nikaiacha kichakani, nikajitwika mkoba, nikaenda kwa miguu. Nilipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa. Hakulia. Mama mkwe wa Kabula alikuwa amemfunika kwa khanga.

Kabula alikuwa bado anatoka damu. Hiyo niliweza kuizuia. Maganga alipofika nikamwambia, "Nimechelewa, ndugu yangu. Baiskeli iliniharibikia."

Akasema, "Nimeiona kichakani. Nimeona na nyayo zako. Ulikuwa unakimbia."

Sijui kama ningewahi, mtoto angepona. Kila siku naipima njia ile kichwani na jibu silipati. Tangu hapo napanda yako. Mapaja yananiuma, ila sijakwama tena.

Kabula mwenyewe alikuja zahanati siku chache baadaye, maziwa yamemjaa, yanamuuma. Nilimkanda kwa maji ya moto. Alipokuwa anajifunga khanga akasema, "Nikijaliwa mimba nyingine, nitakuja kukaa huku mapema, nisikusumbue."

Nikamsaidia kukaza fundo la khanga.

Nisalimie kaka Saidi na mkewe, na shangazi wa kule Ntalikwa aliyenifundisha kushona; mwambie gauni alilonipa bado nalivaa. Mama ukimsomea barua hii, ruka habari za mtoto. Msomee kwamba njia za huku ni za mchanga, na kwamba nakula vizuri.

Binti yako,
Zuhura